Mpika Itifaki wa Kuze

Saif Muhaji alikuwa na maradhi yasiyo na dawa hospitali yoyote: akipewa karatasi inayosema kitu kipikwe, lazima akipike. Na akikipika, akipike vile vile kilivyoandikwa, asiongeze wala asipunguze, hata kama aona kwa macho yake kwamba mambo yanakwenda kombo. Mtaa wa Kuze ulimjua kwa hilo. Watu wakisikia harufu ya kuungua kwenye dirisha lake, waliambiana tu kwamba mwalimu leo amepata karatasi nyingine, wakapita zao.

Alikuwa amesomesha kemia shule moja ya upili huko Tudor mpaka alipostaafu. Baada ya hapo akachukuliwa na kamati ya maadili ya utafiti, ile inayokutana ghorofani katika jengo moja la hospitali. Kamati hiyo haitafiti kitu. Kazi yake ni kusoma. Mtu akitaka kufanya utafiti kwa wagonjwa, kwanza huandika itifaki, yaani andiko la kueleza kabla ya kuanza: nani atafanyiwa nini, kwa kipimo gani, kwa muda gani, atalinganishwa na nani, na akidhurika afanyiwe nini. Kamati ikiridhika, kazi huanza. Isiporidhika, andiko hurudi kwa mwenyewe. Saif alipewa itifaki za lishe kwa sababu madaktari wa kamati hawakuzitaka. Za dawa zilikuwa na heshima yake, za chakula waliziona ni mambo ya jikoni.

Basi wakampa yeye, naye akazipeleka huko huko jikoni.

Ya kwanza ilikuwa ya uji. Daktari mmoja aliandika kwamba wagonjwa wa kisukari watapewa uji wa mtama uliotiwa tui la nazi. Akataja unga kwa gramu, akataja tui kwa mililita, akataja bakuli na kijiko. Maji hakutaja. Saif akapika unga na tui bila tone la maji, akasimama na mwiko wake akitazama sufuria inavyoharibika, kisha akaketi akaandika: “Nimepika kama ulivyoagiza. Umekuwa mkate, na sufuria ya mke wangu imeungua. Tafadhali taja maji.” Daktari alifura, akasema hata mtoto mdogo ajua kwamba uji una maji. Saif akamjibu kuwa mtoto ajua, lakini hajui maji kiasi gani, na mgonjwa anayekunywa uji mwepesi na yule anayekula mzito kwa kijiko hawakupewa kitu kimoja. Daktari akataja maji.

Mwingine aliandika kwamba kundi la pili la wagonjwa “litaendelea na chakula cha kawaida.” Saif akauliza kawaida ya nani. Kwake yeye kawaida ya asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Kwa Benard, karani wa kamati, aliyeletwa Mombasa na kazi ya babake relini, ni chai na mkate, na usiku ugali. Ukimlinganisha mgonjwa na kawaida usiyoijua, Saif aliandika, umemlinganisha na hewa.

Wako waliomwona msumbufu, na hawakumwonea, kwani msumbufu alikuwa. Lakini hoja yake haikuwa ya kutupwa. Chakula kikimponyesha mtu, na karatasi haisemi alikula nini hasa, basi hakuna anayejua kilichomponyesha. Mtu wa Lamu au wa Kisumu akitaka kufanya kama ulivyofanya, atafanya kitu kingine, apate jibu jingine, na wewe ubaki kumwita mwongo.

Mkewe, Jannat, alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, na kofia zake zilivaliwa na maharusi wa Kibokoni na Kuze miaka na miaka. Alivumilia mapishi ya mumewe jinsi wanawake wengine wanavyovumilia kahawa na dhumna za waume zao barazani. Sufuria zake nzuri alizificha. Siku hizi alikuwa akichoka upesi. Akipanda ngazi na ndoo ya nguo huketi katikati akavuta pumzi, na mara nyingine kichwa kilimzunguka mpaka sindano ikampotea mkononi. Saif aliliona hilo, hakuwa kipofu. Akamnunulia miwani.

Sasa, Saif alikuwa na binti wa marehemu nduguye, jina lake Fairuz, aliyelelewa katika nyumba ile tangu babake alipofariki. Alisoma mpaka akawa mtaalamu wa lishe, akafanya kazi kliniki ya akina mama. Huko alichokuwa akikiona kila siku ni wanawake wasio na damu. Hupewa vidonge vya madini ya chuma, huvitia mkobani, huenda navyo nyumbani, na wengi huviacha huko huko mkobani kwa sababu vinawachafua tumbo. Fairuz akachoka kugawa vidonge vya kuzeeka ndani ya mikoba. Akaandika itifaki yake: wanawake watu wazima wa Kibokoni, Kuze na Tudor waliopungukiwa na damu wagawanywe kwa kura, kundi moja lipewe maini kila wiki na kufundishwa kuyapika, la pili lipewe nasaha zile zile zinazotolewa kliniki leo, kisha wote wapimwe damu.

Wafadhili walikubali, ila kwa sharti: kamati iipitishe katika kikao kile kile kilichokuwa kinakuja. Kikao kikipita bure, fungu la mwaka ule linakwenda kwa mtu mwingine, na Fairuz arudi kugawa vidonge. Kila mtu wa nyumba ile alilijua hilo. Jannat alimwombea dua baada ya kila sala.

Saif alipoliona jina la mwandishi, alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati, Dokta Zilpah, mwanamke wa bara mwenye maneno machache.

“Huyu ni mwanangu, mtoto wa ndugu yangu,” akamwambia. “Nitoeni katika hii.”

“Hutapiga kura, mwalimu,” Dokta Zilpah akasema. “Lakini nani mwingine atapika? Pika, uandike ulichokiona, nasi tutakisoma tukijua kuwa ni wa kwenu. Na usizungumze naye habari hii mpaka tumalize.”

Saif akakubali. Moyoni alikuwa na furaha ya siri, kwa sababu alijua Fairuz amekulia katika moshi wa sufuria zile, na kwamba kama kuna mtu mmoja Mombasa aliyejua kuandika chakula, ni yeye.

Hakukosea. Jumamosi asubuhi alikwenda Marikiti akanunua maini na mchicha, akarudi, akatoa mizani yake ya jikoni.

“Leo ni karatasi ya nani?” Jannat akauliza.

“Siruhusiwi kusema.”

“Basi ni ya Fairuz,” Jannat akasema, na akaenda kumtafutia mwiko.

Kila kitu kilikuwamo. Maini yalitajwa ni ya ng'ombe, yakatwe unene gani, yakaangwe kwa mafuta gani na kwa muda gani ili yasikauke yakawa kama kiatu. Mchicha ulitajwa kwa uzito kabla ya kupikwa na baada ya kupikwa. Tui lilielezwa ni la kwanza au la pili, na nazi ikuniwe na ikamuliwe kwa maji kiasi gani. Ndimu ikamuliwe lini, ilielezwa. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, bali baada ya saa moja, na hilo nalo lilielezwa. Hata zile nasaha za kundi la pili ziliandikwa neno kwa neno. Saif alipika akitafuta kosa, na kwa kweli alikuwa akiomba asilipate, na hakulipata. Alipoonja, maini yalikuwa laini yamekolea ndimu na kitunguu thomu, na mzee wa watu akaona fahari kana kwamba ameziandika yeye zile karatasi.

Akapakua katika sinia. Wali kote, mchicha pembeni, na maini yaliyopimwa akayaweka yote upande wa mkewe.

“Leo wewe ndiye mshiriki,” akamwambia. “Haya ni yako. Mimi nala mchicha.”

“Haya,” Jannat akasema, akabismili.

Wakala. Wakazungumza habari ya harusi iliyokuwa inakuja kwa kina Faraj, jirani zao, na kofia ngapi Jannat amekabidhiwa. Katika nyumba za Mji wa Kale huliwa hivyo, kila mtu mbele yake, mazungumzo katikati. Saif alimega, akatafuna, akasifu moyoni ule upishi. Alikuwa amemeza kipande cha pili cha maini alipokumbuka kwamba itifaki haikumpa yeye maini hata kidogo.

Akatazama chini. Mbele yake, juu ya wali wake, palikuwa na maini yaliyopangwa vizuri, vipande vinono. Mbele ya mkewe palikuwa na viwili vidogo, vya pembeni, vilivyokauka.

“Haya yametoka wapi?”

“Yapi?”

“Maini haya.”

Jannat akatazama, naye akashangaa kidogo. “Si yako?”

“Nilikwambia ni yako wewe.”

“Basi sikujua kama nimeyasogeza,” Jannat akasema, na hakuwa akisema uongo.

Saif akayarudisha upande wa mkewe. Wakaendelea. Safari hii hakusema kitu, alijifanya yuko katika habari ya harusi, na macho yake akayaweka kwenye mkono wa mkewe. Mkono ule ulimega wali, ukautia kinywani, ukarudi, ukachukua kipande cha maini, ukakikata kwa vidole, na nusu kubwa ukaitua mbele yake yeye Saif, taratibu, bila ya mwenyewe kuacha kuzungumza. Ukafanya hivyo tena. Kesho yake Saif alipika tena, na keshokutwa akapika samaki badala ya maini ili ahakikishe, na mkono ukafanya vile vile.

“Tangu lini wafanya hivi?” akamuuliza siku ya tatu.

“Kufanya nini?”

“Kunisogezea kitoweo.”

Jannat akacheka. “Wataka mume ale wali mkavu na mimi nikae na kitoweo mbele yangu? Watu watasema mamangu hakunifunza. Mbona wanitazama hivyo, Saif?”

Alikuwa akimtazama kwa sababu alikuwa anamwona. Aliiona rangi ya midomo yake, na weupe wa kucha zake, na akakumbuka ngazi na ile ndoo ya nguo. Miaka yote aliyokula naye, alikula samaki wa pande zote mbili za sinia na kulala usingizi mzuri. Roho ilimwuma. Kisha, kwa kuwa alikuwa Saif na si mtu mwingine, alikwenda kutafuta kalamu.

Jannat alimwona akiketi mezani, akajua.

“Usimharibie mtoto,” akamwambia.

“Sijaandika bado.”

“Lakini utaandika. Na nani katika hao ataliona jambo hili usipoliandika? Yule Dokta Zilpah hula kwa sahani yake peke yake na uma wake. Nyamaza tu, utafiti upite, na huko mbele Fairuz atarekebisha mwenyewe.”

Maneno hayo yalikuwa na uzito, na Saif aliyapima. Akinyamaza, Fairuz apata alichokitaka, kamati haitajua, na sinia la nyumbani kwake libaki nyumbani kwake. Akiandika, mtoto apoteza mwaka, na yeye mwenyewe atasomwa mbele ya watu kuwa ndiye mume aliyekula maini ya mkewe. Mtu wa Kuze haoni vigumu kusemwa msumbufu, lakini kusemwa jinsi anavyokula na mkewe ni jambo jingine. Upande wa pili kulikuwa na jambo moja tu. Wanawake wale wa Fairuz watapewa maini, watayapika kama walivyofundishwa, watayasogeza kwa waume na watoto, watapimwa damu, damu itakuwa pale pale, na karatasi itaandika kwamba maini hayasaidii. Halafu hakuna atakayewapa tena.

Akaandika. “Itifaki hii imeeleza vizuri sana kila kinachotoka jikoni. Haijaeleza kinachoingia kinywani mwa mshiriki. Nimeijaribu nyumbani kwangu. Katika sinia moja, mshiriki alikula theluthi ya maini aliyopewa. Yaliyobaki niliyala mimi.” Kisha akashauri: ielezwe familia hula vipi, mshiriki aulizwe kitoweo kilikwenda kwa nani, na katika kuulizwa huko ajibu mwenyewe, asijibiwe na mtu yeyote.

Kikao kilikaa. Saif alitoka nje wakati wa kura kama ilivyopasa, akakaa kwenye benchi la ukumbini. Dokta Zilpah aliisoma ile hoja mara mbili, kisha wajumbe wakakubaliana kuirudisha itifaki ikarekebishwe. Hakuna aliyemcheka, na hilo lilimtia haya zaidi kuliko wangemcheka. Fungu la mwaka likaenda kwa mtu mwingine.

Fairuz alifika nyumbani jioni ile. Alitoa salamu, kwani adabu ni adabu, lakini hakukaa.

“Ami, umenimaliza.”

“Nimeandika nilichokiona.”

“Kwani ulichokiona ni siri? Mji mzima wajua kuwa wanawake humsogezea mume kitoweo. Mamangu akifanya. Mimi nikiolewa pengine nitafanya.”

“Wajua, na hukuandika.”

“Sikuandika kwa sababu ndivyo tunavyokula.”

“Na yule daktari hakuandika maji kwa sababu ndivyo uji unavyopikwa,” Saif akasema.

Fairuz aliuma midomo. Machozi yalimlengalenga, lakini sauti ilipotoka ilikuwa kavu.

“Sawa, Ami. Mimi nimekosa na nimeshalipa. Lakini umeandika, ukaeleza, ukashauri, kwamba khalti Jannat hula theluthi. Umempeleka kupimwa damu?”

Saif hakuwa amempeleka. Wala haikuwa imempitia akilini. Alikuwa ameiona hitilafu, akaipatia mahali pake katika karatasi, na kwake yeye mambo yakawa yamekwisha. Fairuz akaaga, akaondoka, na Jannat, aliyekuwa mlangoni pa jikoni, akarudi ndani.

Asubuhi yake walikwenda zahanati moja ya Kibokoni. Damu ya Jannat ilikuwa chini sana, chini kuliko ya wengi katika wale wanawake ambao Fairuz alitaka kuwatafiti. Daktari akauliza kwa nini wamechelewa hivyo. Saif akasema alikuwa amemnunulia miwani. Daktari hakumwelewa, na Saif hakuwa na nguvu ya kumweleza.

Jannat akaandikiwa vidonge. Fairuz aliposikia, akaja mwenyewe kila jioni kuhakikisha vinamezwa, akimletea na maembe na machungwa ya kusaidia tumbo. Kwa ami yake alisema mambo ya lazima tu, habari za umeme na za maji. Lakini huku akikaa na khalti yake alikuwa akiandika upya, na siku moja akamwambia Saif, kama mtu anayezungumza na mlango, kwamba ameongeza sehemu ya sinia. Maini yatatolewa ya kutosha nyumba nzima, ili hata yakisogezwa, mwanamke abakiwe na yake. Na maswali ya kuwauliza ameyatunga, ila hajayajaribu kwa mtu.

“Yajaribu kwangu,” Jannat akasema.

Wakayajaribu siku ya Ijumaa asubuhi, pale pale sebuleni. Fairuz aliketi na karatasi yake, Jannat akavaa miwani na kushika kofia aliyokuwa akiishona, na Saif akaketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, ahakikishe kazi inakwenda kama ilivyoandikwa. Maswali ya mwanzo yalipita vizuri. Jannat alijibu anapika nini, mara ngapi kwa wiki, na chai hunywa saa ngapi.

“Mara ya mwisho mlipokula katika sinia moja,” Fairuz akasoma kwa sauti ile ya kliniki isiyoegemea upande wowote, “sehemu kubwa ya kitoweo ilikwenda kwa nani?”

Jannat alichoma sindano, akaivuta.

“Twala sote sawasawa,” akasema.

Fairuz akaandika. Saif alijikohoza. Mara ya mwisho ilikuwa jana mchana, na samaki changu mzima alikuwa amelala mbele yake yeye.

“Jannat, jana si ulinisogezea...”

“Ami,” Fairuz akasema, bila ya kuinua macho. “Imeandikwa mshiriki ajibu mwenyewe. Asijibiwe na mtu yeyote.”

Yalikuwa maneno yake Saif, neno kwa neno. Alimtazama mkewe, na mkewe hakumtazama. Alikuwa ameinamia kofia, na uso wake ulikuwa mtulivu kabisa. Hakuwa akimwogopa. Hakuwahi kumwogopa siku moja. Alikuwa akimsitiri mbele ya mtoto, kwa mkono ule ule, taratibu, kama alivyokuwa akisogeza samaki. Saif akaelewa kwamba madhali yuko kwenye kile kiti, hakuna karatasi itakayoandikwa ukweli katika chumba kile, na kwamba jambo hilo yeye, na macho yake yote ya kutafuta kasoro, hakulitaja popote.

Akasimama. “Natoka,” akasema. “Nifungieni mlango.”

Akaketi kwenye baraza nje. Watu walipita wakielekea misikitini, wakamsalimu, akaitika. Ndani sauti ya Fairuz ilisikika ikiuliza, kisha sauti ya Jannat ikaanza, chini chini, na haikukoma upesi. Swali lile lilikuwa la jibu la neno moja. Saif alingoja na mikono yake magotini, na aliona uchungu, na hakujifanya kwamba ni kitu kingine.

Fairuz alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Kwa mara ya kwanza tangu kikao alikaa karibu na ami yake.

“Nitaongeza mstari,” akasema. “Mahojiano yafanywe mume akiwa hayupo.”

“Ongeza.”

Alichokisema Jannat hakumwambia. Maneno ya mshiriki hayatolewi kwa mtu, na Saif alijua hivyo kuliko wengi, basi hakuuliza. Itifaki ile ilipita kikao kilichofuata bila ya hoja hata moja, ikapata mfadhili mwingine, mdogo kuliko wale wa kwanza, na wanawake wachache kuliko aliowataka Fairuz. Kazi ikaanza. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Ijumaa ile, baada ya sala, Saif alirudi, akanawa mikono, akaketi kwenye mkeka mahali pake pa siku zote. Jannat akaja kutoka jikoni na sahani mbili. Samaki alikuwa amekatwa katikati, nusu kwake na nusu kwa mumewe, sawa kwa sawa, na wali umetengwa kila mmoja na wake.

“Sinia liko wapi?” Saif akauliza.

“Lipo kabatini.”

Jannat akakamua ndimu, akaanza kula. Alikula polepole, kama mtu anayeonja upishi wa nyumba ya ugenini, akaitoa nyama yote kwenye miba. Saif alimega kipande kinono cha samaki wake, akanyoosha mkono kuelekea upande wa pili. Jannat akaivuta sahani yake karibu na yeye.

“Changu chanitosha,” akasema, na akaendelea kula.